Miche 62 ya Kikogwe

Katika shamba la mkonge, ua ni habari mbaya. Mmea uliokaa chini miaka saba, minane au zaidi, ukitoa jani moja baada ya jingine, ghafla huchomoza mlingoti katikati. Mlingoti huo hupanda kwa kasi ya kushangaza mpaka mita tano au sita, hutoa matawi juu, huchanua maua ya kijani-njano, kisha humwaga watoto wake chini. Baada ya hapo mmea mzima hukauka pale pale ulipo. Majani mapya hayaji tena, na mwenye shamba hubaki na kazi ya kung'oa visiki. Na baada ya kuchanua kote huko, mbegu hakuna.

Historia ya mkonge wa Tanganyika imezoeleka kusimuliwa kwa Wajerumani, makampuni, manamba na bei ya soko la London. Masimulizi hayo yana ukweli wake, ila yanamsahau mhusika mmoja, naye ni mmea wenyewe. Namna unavyokua, unavyochanua na unavyozaa ndiyo iliyoamua kwa sehemu kubwa zao hili liingieje nchini, lienee kwa kasi gani, lihitaji mashamba ya ukubwa gani, na kwa nini wataalamu wa vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano walihangaika miaka mingi kupata aina moja tu mpya.

Asili yake ni Meksiko. Katika rasi ya Yucatán, Wamaya walikuwa wakisokota kamba kutokana na majani ya jamii ya agave karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Zao kuu la huko lilikuwa heneken, binamu wa mkonge tunaoujua sisi. Nyuzi zake zilipakiwa melini katika bandari ndogo iitwayo Sisal, na jina la bandari likaandamana na mzigo. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa ngano wa Marekani walianza kutumia mashine zinazovuna na kufunga miganda kwa kamba. Mahitaji ya nyuzi yakapanda ghafla, na matajiri wa Mérida, mji wa huko Yucatán, wakajenga majumba yanayotazamwa na watalii hadi leo. Watu walioneemeka namna hiyo hawakuwa na sababu ya kugawa miche.

Lakini miche ilikuwa imekwishatoka zamani. Henry Perrine, daktari aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Campeche, alikuwa na shauku kubwa ya kuhamishia mimea ya nchi za joto kusini mwa Florida. Katika miaka ya 1830 alipeleka huko mimea kadhaa, mkonge ukiwemo, na ndiye aliyeupa jina la kitaalamu, Agave sisalana. Mwaka 1840 aliuawa katika kisiwa cha Indian Key, wakati wa vita kati ya Marekani na Waseminole. Mpango wake ulikufa naye. Mkonge haukufa. Ulibaki bila bwana shamba, ukaendelea kujizidisha wenyewe, kwa sababu hauhitaji nyuki wa kubeba chavua wala mkono wa kupanda. Kila mlingoti ulipoanguka uliacha kizazi kipya chini yake.

Nusu karne baadaye Wajerumani walikuwa wakitafuta zao. Kahawa waliyoipanda milima ya Usambara ilianza kwa matumaini makubwa na kuishia kuwavunja moyo, na nyanda kavu za pwani zilikuwa zimekaa bila kazi waliyoikusudia. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari za mkonge katika taarifa za bustani ya Kew, Uingereza. Maelezo yalimgusa, kwani yalieleza mmea unaostahimili ukame, usioliwa ovyo na wanyama, na wenye nyuzi zinazouzika. Meksiko hakukuwa na wa kumuuzia, akaagiza Florida.

Ipo hadithi inayosimuliwa kwamba miche ilitoroshwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, na pengine ndiyo maana haifi, ila biashara ya Florida ilikuwa ya wazi: vijimche 1,000 vilifungwa, vikapakiwa melini hadi Hamburg, kisha vikasafirishwa tena hadi Tanga mwaka 1893. Laiti mkonge ungekuwa na mbegu, safari ile isingekuwa na hofu yoyote. Mbegu hukaa kwenye mfuko miezi, hailii maji. Kijimche cha mkonge ni mmea hai, una majani na akiba ndogo ya maji, na kikifungiwa gizani penye unyevu huoza. Kati ya 1,000, vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62.

Hivyo 62 ndivyo vilivyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa kuutazama mmea wenyewe kwa karibu. Mkonge una shina nene na fupi, na majani yamejipanga kulizunguka toka chini hadi juu. Majani mapya huzaliwa katikati yakiwa yamekumbatiana kama mkuki mmoja wenye ncha kali. Jani la nje hujibandua kwanza, likalala kidogo, kisha la pili, na la tatu. Jani lililokomaa hufikia mita moja na zaidi, ngozi yake ina nta inayozuia maji kupotea, na nchani lina mwiba mweusi mmoja unaoweza kumtoboa mtu. Pembeni, mkonge wa kawaida hauna miiba, na hilo peke yake ni ahueni kubwa kwa mkataji.

Ndani ya jani moja kuna nyuzi zipatazo elfu moja, zimekimbia sambamba kutoka shinani hadi nchani. Nyingine zinaandamana na mishipa ya kupitishia maji na chakula, nyingine ziko karibu na ngozi, kazi yake ni kulifanya jani lisimame. Kwa mmea, nyuzi ni mifupa. Kwa mfanyabiashara ndizo mali, ingawa ni kiasi cha asilimia nne tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki ni maji na nyama ya kijani. Nyama hiyo ndiyo inayouwezesha mmea kuishi Pangani na Kilosa wakati mvua zimegoma: vitundu vidogo vya jani, stomata, hufungwa mchana wa jua kali na kufunguliwa usiku, mmea ukavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi ili uitumie asubuhi jua likichomoza. Mimea mingi hupumua mchana na kupoteza maji mengi. Mkonge hufanya biashara yake usiku.

Kila jani ni hatua moja kuelekea kwenye ua. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 katika maisha yake, kisha kitovu cha shina huacha kutengeneza majani na kuanza kutengeneza mlingoti. Ndiyo sababu katika joto la pwani, ambako majani hutoka haraka, mmea huchanua mapema, na katika nyanda za juu zenye baridi mzunguko hurefuka. Akiba yote iliyowekwa shinani kwa miaka hutumika katika miezi michache. Wanakijiji wanaoishi kandokando ya mashamba hawaachi mlingoti mkavu upotee: ni mwepesi, umenyooka, unafaa kwa paa na uzio.

Maua yenyewe hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi ya mlingoti. Ua moja lina petali sita zilizoungana chini, na stameni sita ndefu zinazochomoza nje mbali kuliko petali. Ovari, chumba ambamo mbegu zingekaa, iko chini ya petali na imegawanyika sehemu tatu. Mifuko ya chavua hupasuka kwanza. Stigma, sehemu inayopokea chavua, hukomaa baadaye, wakati stameni za ua lile lile zimekwisha kunyauka. Ni utaratibu wa kuzuia ua lisijichavushe lenyewe, nao unafanya kazi vizuri sana kwa ndugu za mkonge kule Meksiko, ambao wengi hutembelewa usiku na popo wanaofuata asali ya maua. Mkonge umeurithi utaratibu mzima, umbo lote la ua la kupokea wageni, na mwisho wake ua huanguka pamoja na ovari yake bila kutunga kitu.

Sababu imo ndani ya seli. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, moja ya upande wa baba na nyingine ya upande wa mama. Mkonge una seti tano. Wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kromosomu hutakiwa zipangane mbilimbili kisha zigawane sawa kwa sawa. Ukiwa na seti tano, daima kuna zinazokosa mwenza. Mgawanyo huvurugika, chavua nyingi hutoka mbovu na mayai hutoka mabovu. Mara chache sana mbegu hupatikana, na mtu anayetaka kuendesha shamba hawezi kuzitegemea.

Basi mmea ukatafuta njia nyingine. Chini ya kila ua, penye kijani kidogo kilichokuwa kikilifunika chipukizi, kuna kijicho kilicholala. Ua likianguka, kijicho huamka na kukua kuwa mche kamili mdogo: majani mawili matatu, kishina, na hata vianzio vya mizizi, vyote vikiwa bado juu angani. Vikifikia urefu wa kidole au zaidi huanguka vyenyewe. Mlingoti mmoja waweza kutoa vijimche elfu moja, hata elfu mbili. Njia ya pili ni maotea, yanayochipuka kutoka mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na hapa mkonge unafanana na mgomba: mama huzaa mara moja na kufa, lakini pembeni ameacha wana waliokwisha kusimama.

Kijimche na otea hawana baba. Kila kimoja ni nakala ya mama yake, kromosomu kwa kromosomu.

Rudi sasa Kikogwe. Mimea 62, kila mmoja ukitoa vijimche elfu moja hivi, ni zaidi ya 60,000 kwa mlingoti mmoja tu. Na kweli, kufikia 1898, miaka mitano baada ya meli kufika, mimea ilikuwa zaidi ya 60,000. Hapakuhitajika meli nyingine wala kibali cha mtu wa Yucatán. Shamba la kwanza lililea la pili, la pili likalea mengine, kutoka Pangani hadi Muheza, Korogwe, Lindi na Kilosa. Singa, yaani nyuzi zilizochakatwa, zilisafirishwa Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1900, na mwaka 1913 koloni la Wajerumani lilisafirisha zaidi ya tani 20,000. Mkonge ukawa zao lao la kwanza kwa thamani. Mipaka nayo haikuuzuia: kufikia 1907 masetla wa Kenya walikuwa wameanzisha mkonge Punda Milia, upande wa Thika na Makuyu.

Reli ya Usambara nayo ilianza kujengwa Tanga mwaka ule ule wa 1893. Ilikusudiwa kwanza kwa mazao ya milimani, ikaishia kubeba robota za mkonge.

Kwa nini basi zao hili halikuingia mikononi mwa wakulima wadogo kama kahawa ya Kilimanjaro au pamba ya Usukuma? Mtu hakukosa ardhi, wala miche haikuwa adimu. Jibu liko kwenye jani. Jani likishakatwa lazima lichakatwe likiwa bichi, kwani likianza kukauka nyama hugandamana na nyuzi na singa huharibika. Kwa kuwa asilimia kama 96 ya mzigo ni taka, haifai kuusafirisha mbali. Kiwanda kikubwa chenye mashine ya Corona, inayoponda na kukwangua majani mfululizo, kinahitaji maji tele na majani ya kutosha kila siku ya mwaka. Na kwa kuwa kila kitalu cha shamba kina siku yake ya kutoa milingoti na kufa, mwenye kiwanda alilazimika kupanda kwa zamu: kitalu kimoja bado kichanga, cha pili kinakatwa, cha tatu kinachanua, cha nne kinang'olewa. Mzunguko huo unahitaji maelfu ya ekari kuzunguka kiwanda kimoja, na reli ndogo za toroli za kukusanya majani.

Mkonge ulihitaji pia watu, wengi, na kwa mwaka mzima. Wenyeji wa pwani hawakuvutiwa sana na ujira wala kazi, wakiwa na minazi, mihogo na mashamba yao. Wafanyakazi wakatafutwa mbali: Kigoma, Unyamwezi, Songea, nyanda za Wamakonde pande zote mbili za Ruvuma, na hata Rwanda na Burundi. Hao ndio manamba, walioandikishwa kwa namba na kusafirishwa kwa makundi. Malipo yalifuata kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyokamilika haikupigwa alama. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha watu, Silabu, ambayo wazee wengi wa bara wanaikumbuka kwa jina hilo hilo.

Kazi ya mkataji haikuwa ya mchezo. Alfajiri, kabla jua halijachoma, huinama penye mmea na kukata majani ya chini karibu na shina, moja moja, akihakikisha ameyaacha ya kutosha juu, kama ishirini hivi. Akikata zaidi ya hapo mmea hudhoofu, maana majani ndiyo yanayoulisha. Kila jani hupunguzwa mwiba wa nchani kwa pigo moja. Kisha majani hufungwa thelathini thelathini na kubebwa hadi njia ya toroli. Maji ya jani yana vijiwe vidogo vyenye ncha, vya kalsiamu oksaleti, ambavyo mmea huvitumia kujilinda na walaji. Vikigusa ngozi yenye jasho, mtu huwashwa mikono mpaka shingoni. Mgeni aliyetoka Kasulu alijifunza hayo siku ya kwanza.

Makambi yaliwachanganya watu waliokuwa hawajawahi kuonana, na Kiswahili kikawa lugha ya foleni ya posho, ya ngoma ya Jumamosi na, baadaye, ya mikutano ya chama cha wafanyakazi. Wapo waliorudi kwao na shuka na baiskeli. Wengi hawakurudi. Ndiyo sababu leo vijiji kadhaa vya Muheza na Korogwe vina majina ya koo za Kigoma na Songea.

Vita viliusukuma mkonge huku na huku. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui, yakanunuliwa na Wagiriki, Wahindi, Waingereza na Waswisi. Katika Vita Kuu ya Pili, Japani iliiteka Ufilipino na Java, kulikotoka sehemu kubwa ya nyuzi ngumu za dunia. Meli za Washirika zikabaki kuitegemea Afrika Mashariki kwa kamba, na serikali ya kikoloni ikafikia hatua ya kuwachukua watu kwa nguvu ya sheria wakafanye kazi mashambani. Vita vya Korea, miaka ya 1950 mwanzoni, vilipandisha bei hadi watu wa Tanga wakauita mkonge dhahabu ya kijani.

Wakati fedha zikimiminika, kulikuwa na jambo lililowakosesha usingizi wataalamu. Mamilioni ya mikonge ya Tanganyika ilikuwa mmea mmoja ulionakiliwa. Kwa mwenye kiwanda hilo ni jema, maana majani yanalingana na singa zinalingana. Lakini ukitaka mkonge unaotoa majani mengi zaidi kabla ya mlingoti, utaupata wapi? Katika zao la mbegu, kama mahindi, kila kizazi huchanganya sifa za wazazi, na mkulima huchagua aliye bora. Mkonge haukuwa na cha kuchaguliwa. Ungetembea kutoka Lindi mpaka Mombo ungekuta mmea ule ule.

Kazi ilianzia Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo mwaka 1902 wakapanda mimea kutoka pembe zote za dunia. Bustanini humo palikuwa na agave mmoja wa majani ya rangi ya buluu, ambaye hakuna aliyejua ameletwa kutoka wapi. Mwaka 1933 alipewa jina la kitaalamu la mahali hapo, Agave amaniensis. Majani yake ni marefu, hayana miiba pembeni, na nyuzi zake ni nzuri. Tofauti na mkonge, huyu aliweza kutunga mbegu. Kwa hiyo wataalamu walimweka mkonge wa kawaida kando na kuwatumia ndugu zake: Agave amaniensis kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Agave angustifolia, mwenye miiba na majani mafupi lakini hodari wa kutoa majani mengi.

Ufugaji wa mimea ya namna hii unamtaka mtu asiye na haraka. Kwanza usubiri miaka mpaka mzazi atoe mlingoti. Kisha upande ngazi, mita kadhaa juu, uondoe stameni kabla mifuko ya chavua haijapasuka, usubiri stigma iwe tayari, upake chavua iliyotoka kwa mzazi wa pili, ufunike, uweke alama. Mbegu zikipatikana, uzipande, na uanze tena kusubiri mpaka miche ikue, ikatwe, ipimwe, na hatimaye ichanue ili ijulikane ilitoa majani mangapi. Mtafiti mmoja, katika maisha yake yote ya kazi, hupata nafasi ya vizazi vichache tu. Na mlingoti ule ule anaoushughulikia ndio kifo cha mmea anaoupenda.

Kazi hiyo ilihamishiwa kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, Ngomeni, wilaya ya Muheza, kilichoanzishwa na wenye mashamba katika miaka ya 1930 na kuongozwa kwa muda mrefu na George Lock. Chotara wa amaniensis na angustifolia alirudishwa kuchavushwa na amaniensis, na kati ya maelfu ya miche iliyopewa namba, mmoja ulitia fora: namba 11648. Haukupata hata jina. Badala ya majani 200 na ushei, chotara huyu aliweza kutoa 600 na zaidi kabla ya kuchanua. Kitu kimoja tu hakikubadilika: baada ya kupatikana, naye alisambazwa kwa vijimche na maotea, nakala juu ya nakala. Walitumia ua mara moja ili kupata kipya, kisha wakarudi kwenye njia ile ile ya Kikogwe.

Matatizo hayakukawia. Chotara 11648 anataka ardhi yenye rutuba, na mahali udongo uliochoshwa na mikonge ya miaka sitini haukulishwa, alikonda. Ukatokea pia ugonjwa wa madoa ya majani ulioitwa kwa jina la Korogwe, unaoharibu singa. Kwa kuwa mimea yote ni mmoja, unachougua mmoja inaweza kuugua yote. Kuna na fukusi wa mkonge, mdudu wa asili ya Amerika aliyemfuata mwenyeji wake ng'ambo ya bahari, anayetaga ndani ya shina na kuiozesha miche michanga.

Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele, takribani tani 230,000, na hakuna nchi duniani iliyoipita Tanganyika. Kisha bei ikaanguka. Viwanda vya kemikali vilikuwa vimepata kamba ya plastiki, nyepesi na rahisi, isiyosubiri mvua wala mlingoti. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua mashamba mengi. Mjadala kuhusu nani aliuua mkonge, utaifishaji au plastiki, bado huwasha moto kwenye vijiwe vya Tanga. Ukweli mmoja ni kwamba zao la mzunguko wa miaka kumi halisamehe uzembe wa miaka miwili. Kitalu kisipopandwa mwaka huu, hakuna jani la kukata miaka mitatu ijayo, na shimo hilo halizibwi kwa fedha ya ghafla. Katika miaka ya 1990 nchi ilishuka hadi kama tani 20,000, kiwango cha Wajerumani mwaka 1913, na Brazili ndiyo iliyokuwa imeshika nafasi ya kwanza.

Mashamba yaliyotelekezwa yalionyesha mkonge unafanya nini ukiachwa peke yake. Milingoti ilitoka yote bila wa kuiondoa, vijimche vikadondoka kwa maelfu katikati ya mistari, maotea yakaziba njia za toroli, na ndani ya miaka michache palipokuwa shamba la kupimwa kwa kamba pakawa kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi hakipiti.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango umegeuzwa. Kampuni ya Katani na baadaye vyama vya ushirika vimewagawia wakulima wadogo maeneo ndani ya mashamba ya zamani, wao wakilima na kiwanda kikikamua. Zile taka za asilimia 96 zimeanza kutazamwa upya. Huko Hale, wilaya ya Korogwe, ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Lakini mkulima mdogo anayetaka kuanza bado anakutana na swali lililomkabili Hindorf: miche itatoka wapi? Hawezi kwenda dukani kununua pakiti ya mbegu. Lazima mahali fulani mlingoti utoke, vijimche viokotwe, vilelewe kitaluni mwaka mmoja au zaidi, ndipo vipandwe, na ndipo asubiri miaka mingine miwili au mitatu kabla ya kukata jani la kwanza.

Mlingano wamejaribu kuifupisha foleni hiyo maabarani. Kipande kidogo cha kitovu cha shina, pale majani yanapozaliwa, hukatwa na kuwekwa kwenye chupa yenye chakula na homoni, kikachipua vitawi vingi vinavyotenganishwa na kukuzwa upya. Hakuna haja ya kusubiri ua, na miche hutoka safi bila ugonjwa. China ilichukua chotara 11648 kutoka Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, ikaufanya mkonge wake mkuu, na wataalamu wake nao wameingia kwenye chupa hizo hizo, huku wakiendelea kupanda ngazi msimu wa milingoti, brashi ya chavua mkononi, kutafuta mrithi wa 11648.